Sentensi Nane za Mwalimu Nanyama

Ukitaka kumkasirisha Mwalimu Phelista Nanyama, mwambie kuna mtoto wa gredi ya tatu asiyejua kusoma. Miaka kumi na tisa amefundisha gredi hiyo katika shule moja ya msingi karibu na soko la Kamukuywa, na miaka yote hiyo amejigamba kwamba hakuna mtoto aliyetoka mikononi mwake akiwa hajui kusoma. Na nani angembishia? Hata wauza nyanya kule sokoni walilisikia darasa lake kila asubuhi. Yeye husoma sentensi, watoto arobaini na wanne wakaipokea kwa sauti moja, fimbo yake ikitembea ubaoni. Siku ya mtihani wa kusoma kila mtoto husimama na kifungu kile kile walichokizoea, akakimaliza bila kukwama. Raha iliyoje!

Kwa hiyo Hamdun alipofika na kompyuta zake, mwalimu huyu hakuwa na wasiwasi hata chembe. Hamdun ni fundi wa Kitale, mtu mzima mpole, aliyesomea kazi yake katika Chuo Kikuu cha Kibabii. Alikuwa akizunguka shule mbalimbali na kompyuta nane kuukuu alizozifufua mwenyewe, akiwaonyesha walimu programu za masomo zisizolipiwa.

"Bure kabisa?" aliuliza hedimasta, Mwalimu Wakoli, wakiwa katika ofisi ya walimu. "Si baadaye mtatudai?"

"Hatuwadai, mwalimu. Waliotengeneza walitaka kila mtu atumie, abadilishe, hata apatie shule ya jirani. Na masomo mnaweka yenu wenyewe."

"Rahisi ghali," Nanyama alidakia, walimu wakacheka. "Lakini leta kwa darasa yangu. Hao watoto watasoma hiyo kitu mpaka ichoke, bana."

Wakoli alipiga makofi. Ijumaa afisa wa elimu angekuja kutoka Bungoma kuona jinsi shule inavyofundisha kusoma, na sasa alijua pa kumpeleka. Angempeleka kwa Nanyama moja kwa moja, aone kazi ya miaka kumi na tisa. Nanyama alirudi nyumbani siku hiyo akitembea kama bibi harusi.

Jumatano jioni aliketi na Hamdun akachapa kwa vidole viwili sentensi nane za kifungu chake. Kila sentensi aliichagulia picha. Ya kwanza ilikuwa: Ng'ombe wa babu amepotea. Ya pili: Mama amebeba kuni. Zikaendelea hivyo mpaka ya nane. Mtoto angesoma sentensi kwa sauti, kisha abonyeze picha inayolingana nayo. Kazi ndogo sana! Watoto wake walizijua sentensi hizo kuliko majina ya shangazi zao.

Alhamisi asubuhi watoto wanane wa kwanza waliketi mbele ya kompyuta nane. Wakoli alisimama mlangoni, na walimu wawili watatu wakachungulia dirishani. Hamdun akawasha.

"Someni!" Nanyama aliamuru.

Watoto wote wanane wakaelekeza vidole kwenye vioo vya kompyuta na kupaza sauti, "Ng'ombe wa babu amepotea!" Wote wakabonyeza picha ya ng'ombe. Kompyuta moja ikapiga kengele ya kupatia. Saba zikakoroma na kuchora alama nyekundu.

Nanyama alitabasamu kidogo, akaenda nyuma yao kuona watoto walikosea wapi. Kwenye kioo cha kwanza aliona: Mama amebeba kuni. Cha pili: Mvua inanyesha. Cha tatu: Paka amelala juani. Programu ilikuwa imezichanganya sentensi, kila kompyuta na yake, lakini kila mtoto alisoma ile ya ng'ombe, na kidole chake kikafuata maneno yasiyokuwepo.

Aliwatoa, akaingiza wanane wengine. "Ng'ombe wa babu amepotea!" Wanane wengine tena, ng'ombe yule yule. Walimu dirishani, waliokuwa wameanza kucheka, wakaacha.

"Hamdun, hii kitu yako imeharibu maneno yangu!" alifoka.

"Hapana, Teacher. Maneno ni yale yale. Imepanga tofauti tu, ndiyo mtoto asome."

Wakoli alimvuta kando, akanong'ona, "Usijali, Teacher. Vitu vya bure ndiyo hivyo. Tutasema mashine imeharibika, huyu arudi nazo Kitale leo leo. Kesho afisa atakuta watoto wanasoma kama kawaida. Nani atajua?"

Moyo wa Nanyama ulirukia maneno hayo. Ilikuwa rahisi sana, neno moja tu, na jina lake lingebaki pale pale lilipokuwa. Lakini kwanza alitaka kumwona mtoto mmoja. Emmy, kitinda mimba wake mwenyewe, ndiye aliyeongoza kusoma darasani humo. Nyumbani kila jioni kabla ya chakula walisoma Biblia pamoja, mama anaanza, Emmy anafuata, na baba yake hufumba macho kwa furaha.

Alimketisha mbele ya kompyuta. Kioo kilisema: Mvua inanyesha. Nanyama aliinama, akafunika sentensi yote kwa kiganja akaacha neno moja tu, Mvua.

"Soma hili, Emmy."

Emmy alilitazama. Akamtazama mamake. Akalitazama tena, midomo ikicheza bila sauti. Shuleni huwa anamwita Teacher, kwa sababu ndivyo alivyofunzwa, lakini siku hiyo alisahau.

"Mama," alisema kwa upole, kama anayemkumbusha mtu mzima jambo dogo, "si unaanza wewe kwanza?"

Nanyama aliondoa kiganja. Watoto mia nane na zaidi walikuwa wamepita mbele ya fimbo yake, na hakuweza kusema kwa hakika ni wangapi waliojua kusoma.

"Teacher," Wakoli alinong'ona tena, "tuseme mashine?"

"Mashine ni mzima, hedimasta," alisema, na sauti ilimtoka nyembamba ajabu. "Hamdun, usizizime. Huyo afisa aje zikiwa hapa, aone."

Akavuta kiti kidogo cha watoto, akaketi kando ya Emmy. Akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza, akafunga mdomo, akangoja.