Mwali Aliyeuliza Habari za Nuru

Nakumbuka asubuhi moja ya Jumanne, mwanangu, mwaka wangu wa kwanza wa ualimu hapa Mtwara. Nilikuwa na kigauni cha kitenge na maringo yasiyo na kipimo. Mwanamke anayefundisha fizikia miaka ile ya sabini! Hata chaki niliishika kwa madaha.

Siku hiyo nilifundisha habari za profesa mmoja wa Kijerumani. Chuma kikichomwa huwa chekundu, kisha cheupe, na hesabu za wakubwa zake zilishindwa kueleza rangi zile. Kwa hesabu hizo, hata jiko la mkaa lingetoa mwanga wa kutupofua. Basi yule bwana akakisia kwamba joto hutoka kwa vipande vipande, si kwa mfululizo. Hesabu ikakubali, ila mwenyewe hakuipenda, akahangaika miaka kutafuta njia ya kurudi kwenye mambo ya zamani. Akaja kijana, karani wa ofisi, akasema nuru yenyewe ni vipande. Wazee wengi wakamcheka.

Somoe, binti wa kuli wa bandarini, akanyoosha mkono. "Mwalimu, wiki iliyopita ulisema nuru ni mawimbi. Leo ni vipande. Ipi kweli?"

Lahaula! Nilikuwa sijui. Nikamkaripia, "Mwali haulizi!" Darasa zima likacheka, maana kila msichana pale alikwisha kuchezwa unyago na alijua mwali hukaa kimya mbele ya kungwi anayemfunda. Somoe akainamisha kichwa. Kesho yake nikasikia hatajiandikisha mchepuo wa sayansi, na majina yalikuwa yanafungwa Ijumaa. Hakukuwa na akili kama ile shule nzima, nami ndiye niliyeizima. Moyo uliniuma, lakini kiburi nacho kina nguvu.

Nikaenda Ufukoni kwa kungwi wangu, Bi Asumini, nikitaraji anisifu kwa kushika mila. Alikuwa anamenya muhogo. Nikamsimulia yote, na Mjerumani wangu pia. Akaweka kisu chini.

"Mwali hunyamaza siku anazofundwa," akasema. "Siku ya kutoka nilikwambia nini wewe?"

"Ulisema niulize, Bibi."

"Ukauliza mpaka nikataka kukukimbia! Na huyo Mjerumani wako, angekaa kimya kama mwali, leo ungefundisha nini? Sema kweli, jibu ulikuwa nalo?"

"Sikuwa nalo."

"Ehee! Mficha uchi hazai, mwanangu. Nenda kamtake radhi, na iwe mbele ya walewale waliocheka."

Niliona haya, wallahi. Lakini Alhamisi nikasimama mbele ya darasa. "Somoe, nisamehe. Swali lako mabingwa wenyewe waliligombania miaka na miaka, wengine vijana wasiotimiza hata thelathini. Wakaja kukubali kwamba nuru ina tabia zote mbili, na mpaka leo bado wanabishana maana yake. Jibu lote sinalo. Tulitafute pamoja."

Ijumaa mchana nikiwa nakusanya karatasi za mchepuo wa sayansi, Somoe akaja, akaandika jina lake pale chini kabisa, kisha akaniangalia usoni. "Mwalimu," akasema, "nina swali jingine." Nilicheka huku machozi yananitoka.

Basi mwanangu, kuuliza si ujinga. Waliotufikisha hapa ni watu walioona jambo halikai sawa, wakasema, hata lilipowaudhi wao wenyewe. Heshimu aliyekutangulia, lakini usimeze usichokielewa ili umfurahishe. Na siku utakapokuwa mkubwa wewe, mtoto akikuuliza usilolijua, sema hujui, uvute kiti mkae. Mungu akupe ulimi usioogopa kuuliza na moyo usioona aibu kujifunza, na akujaalie wanafunzi watakaokupita. Amina.