Nilijenga reli ya Bunia–Tchomia sebuleni kwangu, nikasahau viti vinane vya mke wangu

Wakuu, habari za huko mliko.

Niko Bunia, Ituri, mtaa wa Ngezi. Kiswahili chetu kina njia zake, mkikutana na neno geni mnisamehe. Haya yalinipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Mke wangu kasoma kabla sijapost, akasema nimejipunguzia aibu. Nimeirudisha yote.

Kwanza mjue kazi yangu ili mcheke vizuri: mimi ni mwalimu wa hesabu sekondari. Nafundisha jiometri. Mita, pembe, eneo la mstatili. Lishikeni hilo, tutalirudia.

Baba yangu, tunamwita Muzee, alifanya kazi kwenye reli kule Mungbere, enzi treni ikipita. Kazi yake ilikuwa kuvuta wenzo wa kubadilisha njia pale reli zinapogawanyika. Hapo wenyewe wanapaita egiye. Treni hii kushoto, ile kulia, na ole wako dereva usipomsikiliza.

Mama alipofariki tukamleta Muzee kwetu. Tangu hapo akawa anakaa chumbani anatazama ukuta. Umelala vipi, Papa? "Bien," yaani vizuri. Umekula? "Bien." Na sahani imejaa vilevile. Niliogopa, wakuu, nasema wazi. Nilikuwa namwona baba yangu anazimika kidogo kidogo na sina la kufanya.

Ndipo binamu yangu aliye Ubelgiji akatuma katoni kwa msafiri. Ndani kuna treni ndogo, ile ambayo watu wazima wenye akili zao hujengea mji mzima: kichwa kimoja, mabehewa matano, reli za kutosha, egiye tatu na kiboksi cha kuongeza na kupunguza mwendo. Betri ya sola inaiendesha bila shida.

Nikasema dawa imepatikana. Nitamjengea Muzee reli sebuleni, atatoka chumbani.

Sasa, sebule ina mwenyewe. Mke wangu, Mama Grâce, anauza samaki wa kukausha kutoka Tchomia, na ana viti vinane vya libuyu, mbao nzito ya huku, vyenye mikono mipana na vitambaa alivyofuma mwenyewe. Mgeni kusimama nyumbani kwake ni aibu ambayo hajawahi kuipata. Akanipa sheria moja:

"Pima. Kama inaenea na hakuna kiti hata moja inatoka, fanya. Kama haienee, usinisumbue."

Haki kabisa. Nikapima.

Nilipima mara tatu, wakuu. Nikachora kwenye karatasi ya miraba, kwa penseli iliyochongwa vizuri. Nikashangaa jinsi sebule yetu ilivyo kubwa. Miaka yote hii nimekuwa nikilalamika nyumba ndogo, kumbe kuna uwanja humu!

Uwanja ulikuwepo kwa sababu jirani yetu alikuwa amefiwa na mama yake. Huku kwetu mtaa ukipata matanga, viti vya majirani vyote vinaenda huko. Vyetu vinane vilikuwa vimebebwa siku mbili kabla sijashika tepu. Nilisaidia kuvitoa mlangoni mimi mwenyewe. Kwa mikono hii.

Msiniulize.

Matanga yakawa marefu, ndugu walikuwa wanatoka mbali. Sisi tulikaa kwenye mkeka, na mtu akikaa kwenye mkeka wiki nzima anasahau kuwa aliwahi kuwa na kiti. Mama Grâce alikuwa anashinda kwa jirani akipika. Meza ya reli niliyomwagiza fundi ilipoingia vipande vipande aliiona, akadhani mahali pa viti nimeshapanga, maana mimi ndiye prof, mwalimu wa vipimo.

Nikajenga. Reli inatoka Bunia, inashuka hadi Tchomia, inazunguka inarudi. Reli ambayo haijawahi kuwepo duniani, mimi nikaimaliza kwa likizo moja. Nikapaka Ziwa Albert rangi ya bluu. Milima nikaifinyanga kwa magazeti na uji wa muhogo. Egiye tatu nikaziacha kwenye katoni, zilikuwa zinaharibu ziwa langu. Mduara ulikuwa safi, nikaukagua hata kwa kamba na kalamu.

Nikapanga kumfungulia Muzee Jumapili baada ya ibada.

Jumapili baada ya ibada, getini tukasikia sauti nyingi. Ni wafiwa, ukoo mzima, na viti vinane vichwani.

"Tunakuya kurudisha viti na kusema aksanti," akasema kaka mkubwa wa marehemu, mzee wa kanisa mwenye koti.

Wakuu, ile dakika. Niliviona viti, nikaigeukia meza, nikamwangalia mke wangu. Yeye alikuwa ameshaniangalia zamani.

Viti viwili viliingia. Cha tatu kikakwama mlangoni, kikarudishwa nje. Vingine vikabaki uani, na mvua ikaanza, kwa hiyo wageni wakaingia bila viti. Wakasimama. Kwa Mama Grâce! Mzee wa kanisa alijibana kati ya ukuta na Tchomia, upande upande, akatoa hotuba ya shukrani kwa shingo iliyopinda. Mama mmoja mnene akaegemea milima, milima ikalala. Mtu akatafuta pa kuweka sahani ya samaki, akaiweka katikati ya ziwa. Angalau samaki walirudi kwao.

Kwa kelele hizo Muzee akatoka chumbani. Nikawasha. Treni ikaenda, ikazunguka sahani, ikarudi. Wageni wakapiga makofi.

Muzee hakupiga.

"Hii treni inaenda wapi?"

"Inazunguka, Papa."

"Egiye iko wapi?"

"Sikuweka. Nafasi ilienda ku ziwa."

Akaiangalia ikipita mara mbili nyingine.

"Basi hakuna kazi ya mutu hapa," akasema, akarudi chumbani.

Kuchekwa na mtaa nilikuwa nimeshajiandaa. Hilo sikujiandaa nalo. Nilikaa uani kwenye kiti kilicholowa, nikajiona mjinga, na safari hii haikunichekesha.

Kesho yake Mama Grâce hakupiga kelele. Alisema tu, "Viti yangu inaingia leo." Nikabomoa. Meza ikatoka, viti vikaingia, ikabaki ubao mmoja mwembamba wa mita moja na nusu ambao sikujua pa kuuweka. Nikaulaza juu ya mikono ya viti viwili vilivyotazamana ili nipate kufagia.

Nilipogeuka, Muzee alikuwa amesimama pale. Nadhani alikuja kufurahia nikishindwa. Akaugusa ubao. Akakaa.

"Leta ile egiye tatu."

Nikaleta. Akazipanga mwenyewe, polepole. Njia moja ikagawanyika, ikagawanyika tena, na tena. Hakuna mlima, hakuna ziwa. Akaweka mabehewa ovyo ovyo, akataja hili ni la samaki, lile la chumvi, akanipa kiboksi cha mwendo.

"Behewa ya samaki ikuwe ya kwanza nyuma ya kichwa. Ya chumvi ifuate. Enda."

Mnaweza kudhani ni rahisi. Mwalimu wa hesabu nilihangaika mpaka jasho likanitoka. Unavuta mabehewa mawili, unasukuma moja, unagundua umejifungia. Na yeye yuko kwenye egiye zake, anavuta, anafoka:

"Prof! Nilisema polepole! Weye unabeba samaki ao unabeba mawe?"

Mama Grâce alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa hajawahi kumsikia baba mkwe wake akifoka. Akasimama mlangoni akifuta macho, nami nikajifanya nahangaikia behewa.

Siku hizi Muzee anakula sebuleni. Wageni wakija ubao unasimamishwa ukutani, wakiondoka unalala tena. Nafokewa kila siku na sijawahi kufurahi hivi.

Juzi kulikuwa na msiba mwingine, upande wa Bigo. Watu wakaja kuomba viti. Mama Grâce, ambaye hajawahi kumnyima mfiwa hata kigoda, aliangalia ndani, akamwona Muzee ameinamia reli zake.

"Mubebe sita," akawaambia. "Ile mbili iko ku kazi."

Nilichojifunza, wakuu: kabla hujapima chumba, jiulize ni nini kimetoka na kitarudi lini. Na kabla hujamjengea mtu kitu, muulize yeye atafanya kazi gani hapo. Mimi nilimwekea baba yangu cha kutazama, wakati kutazama alikuwa ameshatazama ukuta wa kutosha.

Mwenye sebule ndogo na mzee mkali alete ya kwake hapa chini. Wa kunicheka pangeni foleni, ila mjue mke wangu ndiye wa kwanza.