Ngitili ya Mjomba Sostenes

Mjomba wangu Sostenes hakuwa mtu wa kushtukizwa na ukame. Wengi wetu huku Kishapu husubiri mvua huku tumekunja mikono, yeye alijiandaa. Alikuwa na ngitili, eneo la nyasi alilolizungushia uzio wa minyaa na kulifunga kila mvua zinapoanza, ili nyasi zikue, zikauke zikiwa zimesimama na ng'ombe wazile miezi ambayo kwingine kumebaki vumbi. Babu ndiye aliyemwachia, naye aliilinda kwa ukali ambao sisi watoto wa dada yake tuliuogopa.

Ukame uliotangulia ndio uliompoteza. Mwaka ule aliifungua Agosti, nyasi zikaisha Oktoba, Novemba akazika ng'ombe tisa. Aliapa hatarudia. Kwa hiyo mwaka jana, mvua zilipokatika Februari, alitangaza kwamba ngitili haifunguliwi mpaka Novemba. Nilimwona mtu mwenye akili kuliko kijiji kizima.

Mimi napika chakula cha wachimbaji wa dhahabu kule Segese. Septemba nilikwenda kumsalimia, nikakuta ng'ombe ishirini na wawili wamesimama kwenye minyaa, mbavu nje, wamekodolea macho nyasi za upande wa pili.

"Shikamoo mjomba. Si uwafungulie hata wenye ndama?"

"Marahaba, Noela. Nikifungua leo, Novemba watakula nini? Utakuja kuwapikia ugali?"

"Basi uza watano, ununue mashudu ya pamba."

"Kwa mifupa hii mnadani watanicheka. Tulia mama, huu mchezo nimeshauona."

Nikacheka. Nilijua ng'ombe wale hawafiki Novemba, nikacheka na kupanda gari kurudi kwenye masufuria yangu. Hilo sijajisamehe.

Yaliyofuata alinisimulia Agnetha, binti yake, kwa simu. Novemba mosi mjomba aliondoa miiba iliyoziba mlango wa ngitili. Ng'ombe kumi na wanne waliingia kwa miguu yao. Wanane walikuwa wamelala zizini, hawainuki tena. Aliwakatia nyasi akawapelekea mdomoni, wakatafuna kidogo, wakaacha. Walikufa wote wiki ile ile. Wale kumi na wanne walikula, na mjomba akaanza tena kupiga mluzi.

Siku ya tisa, alasiri, ikanyesha. Mvua tuliyoiombea, kanisani na kwenye matambiko, ilishuka na upepo wa baridi na haikukatika mpaka giza likaingia. Kila mfugaji wa huku anaijua mvua ya kwanza: ng'ombe aliyekonda haihimili. Mjomba aliijua pia, ila hakuwa na banda hata la kusitiri ndama. Maisha yake yote alijiandaa kwa jua. Ng'ombe walinasa kwenye tope jeusi la mbuga, wakatetemeka, wakaanza kulala mmoja mmoja. Yeye na Agnetha waliwafunika magunia, wakawavuta mikia ili wasimame. Kulipokucha alibaki na mtamba mmoja.

Ninapoandika haya nina hasira naye, na ninalia. Angekuwa mlevi au mvivu ningejua la kusema. Alikuwa mwangalifu kuliko sisi sote, na uangalifu wake ndio uliowamaliza wale wanyama mbele ya chakula chao wenyewe.

Januari nilirudi. Nyasi za zamani hazikuwahi kuisha, na mpya zimeota juu yake, zinafika kifuani. Wapita njia husimama na kumsifu, "Mzee, majani unayo," wala hawamkejeli, hawajui tu. Yeye huinamisha kichwa na kuendelea na kazi.

Nilimkuta anaziba mwanya kwenye uzio kwa miiba. Amekonda, viganja vimechanika. Mtamba wake alikuwa amefungwa kando, anakula taratibu. Nikamuuliza anamzuia nani, maana hana tena kundi la kuzuia. Alipanga miiba, akaishindilia kwa mguu, akajaribu kuitikisa aone kama imekaza.

"Mwaka huu," akasema, "nitafungua Septemba."