Nilimdanganya Wifi Yangu Maneno ya Daktari wa Macho

Admin, ficha jina langu na la kijiji. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane, naishi upande wa Tulia. Kanisani watu huniheshimu. Haya ninayoandika sijawahi kumwambia mtu, hata marehemu mume wangu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili kwa sababu ya mimba, nikarudi kukaa kwa mama. Kaka yangu alikuwa ameoa msichana wa Mbooni, nitamwita Mwende. Alikuwa fundi wa nguo pale soko la Kabati, yunifomu zake zinang'ang'aniwa. Mama alikuwa akimsifu nikisikia: "Huyu ndiye binti. Wewe uliniletea aibu." Nilimchukia Mwende, na hakuwa amenikosea chochote. Hata nguo za mtoto wangu alishona yeye, na kushona alinifundisha yeye.

Halafu ugonjwa wa sukari ukaingia macho yake. Akawa hawezi kutia uzi kwa sindano. Akatumwa hospitali ya Nairobi, na kwa kuwa kaka alikuwa kazini Mombasa, mimi ndiye nilimsindikiza. Mwende aliachia darasa la nne. Kiingereza nilijua mimi.

Daktari alikuwa mgeni, Kiswahili hajui. Alimdunga mkononi dawa ya rangi ya manjano, ikapanda hadi kwa macho, mashine ikapiga picha mishipa ya ndani. Ilikuwa inavuja. Akaniambia polepole ili nielewe: "Mwambie ngozi yake itakuwa ya manjano leo, na mkojo siku mbili. Asiogope, ni rangi tu. Arudi baada ya wiki mbili tuichome hiyo mishipa kwa mwanga. Asiporudi atapofuka."

Mwende akanishika mkono. "Amesema nini, wifi?"

Nikamjibu, "Amesema hakuna dawa. Twende nyumbani."

Tulifika jioni, uso wake wa manjano kama ndizi mbivu. Mama akanivuta jikoni. "Ana nini huyu?"

"Ni ini, mwaitu. Inaambukiza. Daktari amesema asipike na asiguse watoto."

Mama akatoka akampokonya Mwende binti yake wa mwaka mmoja akinyonya. Mwende akalazwa kwa stoo, sahani yake ikatengwa. Rangi ilipoisha, mama akaanza kushuku. Nikamwambia, "Imeingia ndani, hapo ndipo mbaya." Wiki mbili za daktari zilipita nikizihesabu. Kaka aliporudi, akamrudisha Mbooni bila mtoto. Cherehani yake nikabaki nayo mimi, na wateja pia. Kabla mwaka uishe tukasikia amepofuka kabisa. Nilikuwa napima mtu suruali. Niliendelea kupima.

Yule binti wa Mwende nilimlea mimi. Mimi ndiye anaita mama. Leo ni muuguzi wa macho, na mwezi jana alinikalisha chini juu ya hadithi aliyokua akiisikia, ya mama yake mzazi kutoka hospitali ya macho akiwa wa manjano. "Mama, ile ni rangi ya kupiga picha macho, bado tunaitumia. Huisha kwa siku moja. Daktari mzima aliwaambia aje ni ini?"

Nikasema, "Tulikuwa washamba, mwanangu." Akalia, akanikumbatia, akanihurumia mimi.

Mama na kaka walishakufa. Binti amempata Mwende Mbooni, amebaki peke yake, na anataka kumleta kwangu. Mwende mwenyewe aliongea nami kwa simu: "Wifi, watu wote walinikimbia. Wewe pekee ndiye ulinishika mkono Nairobi. Nataka nizeekee kwako." Wanakuja Jumamosi. Kitanda kimeshanunuliwa.

Ndugu zangu, nitukaneni, nimestahili, lakini mnishauri pia. Nikisema ukweli, binti atanitoka, na Mwende atajua macho yake yangepona. Nikinyamaza, nitakuwa nikimwongoza chooni kila asubuhi akinibariki. Nifanye nini kabla hawajafika?