Mchuzi wa Upatanisho

Mwanamke aliyetobolewa jicho ndiye aliyepika nyama ya upatanisho. Mimi nilikuwa karani wa baraza, na nyama hiyo niliila.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, upande wa Kagongwa. Kazi yangu ilikuwa kuandika mashauri ya baraza la mtemi: nani kashtaki, nani kashtakiwa, imeamuliwa nini. Shauri la mtu kuumizwa vibaya lilipaswa kwenda bomani Kahama, kwa wakubwa wa serikali, na barua ya kulipeleka niliiandika mimi.

Alikuja kushtaki mwenyewe, kichwa kimefungwa kitambaa. Kijana wa jirani alimchapa fimbo ya uso lambani, wakigombea zamu ya kunywesha ng'ombe. Niliandika kila alichosema. Nilipomwambia shauri lake litakwenda Kahama, aliuliza kama huko naye ataruhusiwa kusema.

"Utasema, mayu," nilimjibu, kama tunavyomwita mama kwa Kisukuma.

Barua niliiandika siku ile ile, ikabaki mezani ikingoja tarishi.

Kabla tarishi hajapita, baba wa kijana alikwenda kwa mume wa yule mwanamke, wakakubaliana: mitamba wawili kwa mume, na dume moja lichinjwe, liliwe na majirani. Desturi ilikuwa wazi. Waliogombana wakishakula nyama hiyo pamoja, ugomvi umekwisha, na anayeufufua ndiye mkosaji.

Dume lilichinjwa nyumbani kwa mume, kwa hiyo mpishi akawa mkewe. Nilimwona ameinama juu ya chungu, kiganja kimekinga moshi upande wa kitambaa. Alichota mchuzi kwa upawa, akaonja, akaongeza chumvi.

"Haya, mashahidi mpo!" mzee mmoja akapaza sauti. "Amekula!"

"Chumvi haihitaji macho mawili!" mwingine akadakia.

Watu wakacheka. Nami nilicheka.

Siku ya baraza mume alitangulia mbele ya meza yangu. "Karani, futa. Tumepatana."

"Na mkeo?"

"Muulize kama hakula."

Swali la haki nililijua: unataka shauri lako liendelee? Sikuliuliza. Baba wa kijana alikuwa amenipelekea paja zima nyumbani, na watoto wangu walikuwa bado wanalila. Nikauliza lile la desturi.

"Mayu, ulikula nyama yao?"

"Nilionja mchuzi, karani. Mpishi asipoonja atajuaje?"

"Kwa hiyo ulikula."

Alinitazama kwa jicho lililobaki. "Wewe uliniambia nitasema."

"Si ndiyo umesema?" mumewe akamkatiza, na wazee wakaguna kwa kuridhika.

Niliandika: Wamepatana, mlalamikaji amekubali. Mahali pa dole gumba la mlalamikaji niliacha mume aweke lake, akiwa ndiye mwenye mji, mkuu wa kaya. Kisha nikaichana barua ya Kahama mbele ya wote, ili ionekane kwamba baraza halina kinyongo. Kijana alishika mikono ya wazee mmoja mmoja, na wangu pia, akaenda zake.

Jioni ile walinisifu. Walisema karani mwingine angempeleka mtoto wa watu gerezani na kuacha miji miwili ikichukiana. Sikuwapinga, ingawa nilikuwa wa kwanza kuandika maneno ya yule mama na nilijua hakuna mahali alipoomba mitamba.

Alipotoka barazani mwanamke huyo hakufuata njia ya kwao. Alishika barabara ya Kahama, peke yake, na mumewe alimwita mara tatu asigeuke. Kama angefika bomani, wangetaka kujua kitabu cha baraza kinasemaje. Hakuna aliyekuja kukiangalia. Nilifika Kahama mara nyingi mwaka ule, nikapita mbele ya mlango wa boma, wala sikuuliza kama mama mwenye kitambaa kichwani aliwahi kufika pale, au kama alifika akarudishwa kwa kukosa barua niliyoichana mimi. Mpaka leo sijui.