Uso wa Andongwisye

Kijijini Ikombe, kando ya ziwa, kila mwanamke ni mfinyanzi, na Tuntufye hakuwa bora kuliko wenzake wala mbaya kuliko wao. Alichokuwa nacho peke yake ni msiba usio na kaburi. Mwanawe Andongwisye alipakia vyungu vya mama yake mtumbwini kuvipeleka sokoni Matema, ziwa likachafuka, na hadi leo hajaonekana yeye wala chungu kimoja. Picha zake zote zilikuwa kwenye simu, na simu aliondoka nayo.

Majirani waliendelea kumwita Mama Andongwisye, naye aliitika. Lakini jambo moja hakumwambia mtu, hata wifi yake Jubilate, maana Jubilate hana kifua: uso wa mwanawe ulikuwa unamtoka. Akifumba macho aliona shati, aliona miguu mirefu, uso hauji. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na huu ulikuwa uchungu juu ya uchungu.

Ndipo akaja mtawa. Alikuwa Mbudha, mzaliwa wa Sri Lanka aliyekaa Dar es Salaam hadi Kiswahili kikamkolea, sasa amefikia nyumba ya wageni Matema na vazi lake la njano. Watoto walishambatiza Padri Ndizi. Alitaka afinyangiwe sanamu ya Budha, akatoa picha: mtu ameketi, amekunja miguu, anatabasamu kwa mbali.

"Huyu anafurahia nini?" Tuntufye akauliza.

"Hafurahii kitu, mama. Aliona kwamba maisha ni mateso, na mateso yanatokana na kung'ang'ania. Akaachilia. Hiyo ndiyo furaha yake. Na anayemfinyanga hujifunza kuachilia."

"Alikuwa na mtoto?"

"Alikuwa naye. Alimwacha amelala, akaondoka."

Tuntufye nusura amrudishie picha yake. Mwanaume anayemtoroka mwanawe usingizini ana jina lake kwetu, wala si la kufanyiwa sanamu! Lakini alishakubali kazi, akaanza.

Mwili aliuinua kama chungu kikubwa, akiulainisha kwa gunzi la mahindi. Alipofika kichwani, vidole vilikwenda vyenyewe. Nyusi zikaja, kisha pua pana ya ukoo wa baba yake. Alipoinua macho, Andongwisye alikuwa anamtazama. Alipiga ukelele mmoja, akajiziba mdomo Jubilate asisikie.

Mtawa alipokuja kutazama, alijua mara moja kwamba huyo si Budha.

"Mama, huyu ni nani?"

"Mwanangu. Ziwa lilimchukua."

Mtawa akasema kwa upole, "Ukimshika hivi utaumia zaidi. Kila kinachoundwa huvunjika."

"Basi niumie! Maumivu ndiyo kitu pekee alichoniachia, nawe unataka niyatupe?"

Mtawa aliinamisha kichwa, akaaga. Pengine jibu alikuwa nalo, akamhurumia.

Sasa, mfinyanzi wa Kikisi, kama walivyo wote wa Ikombe, maisha yake yote hufinyanga kitu chenye mdomo. Tuntufye alikiunganisha kichwa na mwili, akaziba kila mahali, pasibaki hata tundu la sindano, tena kwa upendo. Yeye na Jubilate wakapanga kuni na nyasi, wakawasha. Sanamu ikalipuka nyasi zikiwa bado zinawaka, na kichwa ndicho kilichotangulia.

"Chungu kina mdomo, wifi," Jubilate alisema, naye machozi yanamtoka. "Huyu ulitaka mvuke umtokee wapi?"

Tuntufye alipekua majivu hadi vidole vikaungua. Hakupata kigae kilichozidi ukucha.

Akaanza upya siku hiyohiyo kwa udongo uleule. Nyusi zilikuja za mtu mwingine. Akabomoa, akafinyanga, akabomoa tena. Mwishowe akachoka, akaiacha mikono ifanye itakavyo, akatoboa tundu chini ya kikalio, na sanamu ikachomeka salama.

Mtawa alipoiona alipiga magoti. Alisema utulivu wa namna ile hajauona hata katika mahekalu ya kwao. Alisema hakika mama ameachilia. "Ndaga fijo," alimshukuru, maneno aliyofundishwa na watoto.

Tuntufye aliutazama ule uso. Ulikuwa mzuri, umetulia, na haukuwa wa mtoto wa mtu yeyote. Akamsaidia kuufunga kwa majani ya migomba, akamwomba auondoe upesi.