Vyungu Sita Visivyochomwa

Mwezi uliopita nilirudi Ikombe, ndugu yangu, nikakuta kiwanja cha bibi kimeota magugu hadi ufukweni mwa ziwa. Hata kigae cha chungu sikukiona. Nilisimama pale kama mgeni, nikamkumbuka mama wa mama yangu na siku zake za mwisho, Mwingereza akiwa bado anatawala Tanganyika.

Bibi alikuwa mfinyanzi, kama wanawake wote wa Kikisi kijijini kwetu. Nyumba yake ilinuka udongo mbichi na usipa, dagaa wa ziwani, waliokaushwa juani. Masika yale miguu ilimvimba, kisha tumbo. Mama alimpeleka kwa mtumbwi hadi hospitali ya misheni, daktari akasema arudishwe nyumbani. Tangu siku hiyo mama alipiga marufuku neno kifo. Kila jioni tulipiga magoti kumwombea bibi apone, na mama aliomba kwa sauti ya mtu anayedai haki yake.

Kibandani palikuwa na vyungu sita alivyovifinyanga kabla hajalala kitandani. Vilikuwa vimekauka, ila havijachomwa. Kwetu chungu kilichomwa na mwenyewe aliyekifinyanga, si mwingine. Kazi yangu ilikuwa kuvigeuza kila asubuhi, na nilijiaminisha kwamba maadamu vinamngoja, hawezi kufa. Utoto una mambo yake.

Asubuhi moja aliniita.

"Vile vyungu, mjukuu wangu, kavirudishe kwenye shimo la udongo. Vitie maji."

"Utavichoma ukipona, bibi."

"Sitapona."

Alisema hivyo kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Nilimchukia. Nilitoka, nikavificha nyuma ya kibanda chini ya majani ya migomba, nikarudi kumwambia tayari. Akaomba nimpe mikono yangu aitazame. Ilikuwa mikavu, safi kabisa. Hakunigombeza. Aliishika tu, akasema, "Unanichelewesha, mwanangu."

Basi nikavibeba kimoja kimoja. Udongo mkavu haukawii majini: mdomo wa chungu unameguka, mapovu yanapanda, kisha chungu kizima kinakaa chini na kuwa tope. Nililia kwa kila kimoja. Cha sita kilipolainika nilikuwa nimechoka kulia, na moyo ukatulia wenyewe. Nilijua bibi anakwenda, na niliweza kulibeba jambo hilo.

Mama aliponiona nina tope hadi viwikoni alinizaba kofi, kisha akaketi chini palepale. Jioni alianza sala kama kawaida, akafika kwenye neno "umponye," akakwama. Bibi alimngoja. Mwishowe mama akamwita Mungu polepole kwa lugha yetu, "Kyala, mpokee."

"Ndaga, mwanangu," bibi akamshukuru. Alifariki kesho yake asubuhi.

Watu wa sala ile wameisha. Mama naye alifia mjini, mimi nikiwa peke yangu kando ya kitanda, na nilimwombea apokewe bila kubishana na Mungu. Iliniuma, na bado inaniuma.

Sasa mgonjwa ni mimi. Wanangu hunipigia simu kila Jumapili kunihakikishia kwamba nitapona. Nawashukuru, ni watoto wema. Ila kila simu ikikatika hubaki nimekaa, nikijiuliza ni nani kati yao atakayenipa ruhusa ya kwenda.